Stoli: kwa nini glaida huanguka ikiwa imeshafika nyumbani

Niko Kisanga, huku kati ya Kilosa na Mikumi.

Tangu ndege mbili za abiria zipate ajali siku moja pale uwanja wa Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi, tarehe 28 Novemba 2023, vijiwe vya huku havijaacha kubishania mambo ya ndege. Moja ilipata matatizo ikitua, nyingine saa chache baadaye ikijaribu kuondoka. Mungu saidia, watu walitoka hai. Lakini maneno niliyoyasikia baada ya hapo, jamani! Kila mtu fundi. "Ndege ikizima injini inadondoka kama jiwe." "Rubani akiona inashuka avute tu usukani, itapanda." Hiyo ya pili ndo imenifanya nikae niandike, kwa sababu inaua watu, na inaua hasa wale wanaorusha ndege zisizo na injini kabisa.

Najua wengine dakika zenu za kafe zinahesabiwa, kwa hiyo nawapa kiini mapema: ndege haibebwi na injini, inabebwa na mabawa. Mabawa yakikataa kubeba, hiyo inaitwa stoli. Na stoli mbaya kuliko zote ni ile inayotokea chini, kwenye kona ya mwisho, uwanja ukiwa unaonekana kabisa. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mwenye muda tuendelee.

1. Glaida ni nini?

Glaida ni ndege yenye mabawa marefu membamba isiyo na injini. Hupandishwa angani kwa kuvutwa na ndege nyingine au kwa winchi iliyoko chini, kisha kamba inaachiwa. Kuanzia hapo inashuka polepole muda wote, kama baiskeli inayoteremka mlima bila kupigwa pedeli. Rubani akipata hewa moto inayopanda, huzunguka ndani yake na kunyanyuliwa nayo.

Kushuka huko si kudondoka. ASK 21, glaida ya Kijerumani ya viti viwili inayotumika sana kufundishia, ikishuka mita 1 husogea mbele kama mita 34. Yaani ukiwa mita 1,000 juu na hewa imetulia, una kama kilomita 34 za kwenda. Kwa hiyo yule anayesema ndege bila injini ni jiwe, mwambie hapana.

Afrika Mashariki si wageni wa vitu hivi. Wakenya wamewahi kuwa na klabu ya glaida pale Mweiga, karibu na Nyeri. Na huku kwetu Serengeti, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Mwingereza Colin Pennycuick alirusha glaida yenye injini ndogo, aina ya ASK 14. Injini ilimsaidia kupanda, halafu anaizima na kuwafuata tumbusi na korongo angani ili apime wanavyosafiri. Hebu fikiria, mtu anaruka sambamba na tumbusi wa Serengeti, hakuna kelele ila upepo tu.

2. Stoli ni nini, na si nini

Bawa hubeba ndege kwa kuisukuma hewa chini. Ili lifanye hivyo, hukutana na hewa likiwa limeinuka kidogo upande wa mbele. Ukiongeza mwinuko huo, bawa linabeba zaidi. Ukiongeza tena, linabeba zaidi tena. Lakini kuna mpaka. Kwa mabawa mengi mpaka huo uko kwenye nyuzi 15 hivi. Ukiuvuka, hewa inayopita juu ya bawa haiwezi tena kulifuata umbo lake. Inabanduka, inavurugika, na uwezo wa kubeba unashuka ghafla. Hiyo ndo stoli.

Angalieni mambo matatu hapa:

- Stoli si injini kuzima. Waingereza hutumia neno hilohilo kwa gari linalozima, ndo maana watu huchanganya. Glaida haina injini na bado inapata stoli.
- Stoli inasababishwa na pembe ya bawa na upepo. Kasi ndogo ni njia ya kawaida ya kufika kwenye pembe hiyo, lakini ukivuta fimbo kwa nguvu unaweza kupata stoli hata ukiwa na kasi kubwa.
- Kuvuta fimbo ya kuongozea kunaongeza pembe. Kwa hiyo ukiwa kwenye stoli, kuvuta ni kuongeza ugonjwa.

Ukitaka kuona kwa macho, tengeneza ndege ya karatasi. Kunja mkia wake kidogo kwenda juu, irushe. Itainua pua, itasimama hewani kidogo, halafu itadondosha pua chini. Sasa bana puani pini ya karatasi, irushe tena. Inateleza vizuri. Umeshaona stoli na dawa yake kwa karatasi moja.

3. Kwa nini itokee wakati wa kutua?

Juu sana, stoli ni zoezi la kawaida. Mwanafunzi wa glaida hufundishwa kuifanya makusudi, pua inashuka, kasi inarudi, maisha yanaendelea. Wakati wa kutua mambo manne hukutana.

*Kona.* Kabla ya kutua rubani hupita sambamba na uwanja, anakata kona, halafu anakata kona ya mwisho kuelekea njia ya kutua. Ndege ikilala upande kwenye kona, mabawa yanabeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa kawaida, kwa sababu yanabeba na kugeuza kwa pamoja. Kasi ya stoli nayo inapanda. Chukua glaida inayopata stoli kwenye kilomita 65 kwa saa ikiwa imenyooka:

- ikilala nyuzi 30, stoli ni kwenye kilomita 70 hivi kwa saa
- ikilala nyuzi 45, kilomita 77
- ikilala nyuzi 60, kilomita 92, na mabawa yanabeba uzito mara mbili

Umeona? Kasi iliyokuwa salama dakika moja iliyopita, kwenye kona si salama tena.

*Miguu.* Hapa ndo kwenye kaburi la wengi. Rubani amechelewa kukata kona, anaona anaipita njia ya kutua. Anaogopa kulaza ndege zaidi kwa sababu ardhi iko karibu. Basi anakanyaga usukani wa mkia ili pua igeuke kwa lazima. Bawa la ndani linapungua kasi, pua inaanza kushuka, yeye anavuta fimbo nyuma kuiinua. Bawa la ndani linafika kwenye stoli kabla ya lile la nje. Upande mmoja umeacha kubeba, mwingine bado unabeba. Ndege inapinduka na kuanza kushuka huku inazunguka kama pia.

Kutoka kwenye mzunguko huo glaida nyingi hupoteza mita 100 au zaidi. Kona ya mwisho yenyewe hufanywa kwenye urefu kama huohuo juu ya ardhi, pengine chini yake. Hesabu hiyo haihitaji kalkuleta.

*Upepo wa chini.* Upepo karibu na ardhi ni mdogo kuliko ule wa juu, kwa sababu miti, nyumba na vichaka vinauzuia. Glaida inayoshuka ikiwa imeuelekea upepo inautegemea kwa sehemu ya kasi yake hewani. Ikiingia kwenye tabaka la chini, upepo unapungua ghafla na kasi inapungua nao. Rubani hakugusa kitu, ila mshale wa kasi umeshuka.

*Macho.* Ukiwa chini na upepo unakusukuma kwa nyuma, ardhi inapita mbio, unadhani una kasi kubwa, kumbe hewani huna. Na kwa nyanda zetu za juu kuna mtego wa ziada. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ndege lazima iende mbio zaidi ili bawa libebe uzito uleule. Kasi halisi huongezeka kama asilimia 2 kwa kila mita 300 za mwinuko. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Aliyezoea kutua pwani, akifika huko anaona ardhi inakimbia kwa asilimia kumi hivi zaidi. Akiamini macho atapunguza kasi. Akiamini kipima kasi atafika nyumbani.

4. Aliyelipa mapema

Mtu anayekumbukwa kuliko wote kwenye habari hii ni Otto Lilienthal, Mjerumani. Alikuwa injinia aliyetumia miaka kuwachunguza korongo, na mwaka 1889 alitoa kitabu kuhusu ndege wanavyoruka. Kuanzia 1891 aliruka kama mara 2,000 kwa glaida zake mwenyewe, akining'inia kwa mikono na kuongoza kwa kusogeza mwili.

Tarehe 9 Agosti 1896, kwenye vilima vya Rhinow, pua ya glaida yake iliinuka, ikasimama hewani. Alijaribu kurusha mwili mbele ili pua ishuke. Haikutosha. Alianguka kutoka mita 15 hivi, akavunjika uti wa mgongo, akafariki kesho yake mjini Berlin. Alikuwa na miaka 48.

Angalia vizuri: alijua dawa. Alijua pua lazima ishuke. Alichokosa ni urefu wa kuimalizia hiyo dawa. Hiyo ni stoli ya chini kwa maneno machache.

Kifo chake hakikupotea bure. Ndugu wawili Wright wa Marekani walisoma kazi zake, na glaida zao waliziwekea bawa dogo la kuongozea mbele badala ya mkiani. Mwaka 1901 glaida yao ilipata stoli Wilbur akiwa juu yake, lakini ilishuka ikiwa imelala tambarare na hakuumia. Miaka miwili baadaye waliruka kwa injini.

5. Ndege kubwa nazo?

Mtu atasema, "Mkuu, mimi sipandi glaida, hayo yananihusu nini?" Sikiliza hizi.

Tarehe 25 Februari 2009, Boeing 737 ya Turkish Airlines ilikuwa inakaribia kutua Amsterdam. Kifaa cha kupima urefu kilitoa namba ya uongo, mtambo ukadhani ndege imeshafika chini, ukapunguza nguvu za injini. Kasi ikaisha taratibu, marubani wakashtuka ikiwa imechelewa. Stoli. Kati ya watu 135, walikufa 9.

Tarehe 15 Januari 2023, Pokhara, Nepal. ATR 72 ya Yeti Airlines ikijiandaa kutua. Ndani ya chumba cha marubani, vishikio vinavyodhibiti panga za injini vilisogezwa kimakosa, vyote viwili, hadi panga zikaacha kusukuma hewa. Injini zinazunguka, mlio upo, ila hakuna kinachovuta. Ndege ya injini mbili iligeuka glaida bila waliomo kujua. Kona ya mwisho, kasi inaisha, bawa la kushoto likadondoka. Wote 72 walikufa. Isome tena sehemu ya tatu hapo juu uone kama kuna kitu kimebadilika.

Na kuna ile ya nyumbani kwa majirani zetu wa Ngazija. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian, safari namba 961, ilitekwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watekaji walitaka iende Australia. Mafuta yakaisha juu ya bahari, injini zikazima, na kapteni Leul Abate akawa anaendesha glaida kubwa ajabu. Hakuna mabawa ya kusaidia kutua, kwa hiyo ilibidi ashuke na kasi ya zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Aliilinda kasi hiyo mpaka kwenye maji, huku anasukumana na mtekaji, karibu kabisa na ufukwe. Bawa la kushoto liligusa kwanza, ndege ikavunjika. Kati ya watu 175, 50 walipona. Haikupata stoli juu, ndo maana kulikuwa na wa kupona.

Hapo hapo jifunze na hili: baadhi ya waliokufa walikuwa wamejaza hewa maboya yao wakiwa bado ndani, maji yakaingia, wakabanwa juu wasiweze kuogelea kutoka. Boya unalivaa ndani, unalijaza hewa ukishatoka mlangoni. Hata kama hutakumbuka kitu kingine kwenye makala hii, kumbuka hicho.

6. Tumbusi wa Mikumi anafanyaje?

Huku kwetu darasa liko bure. Mwangalie tumbusi akitua juu ya mti mkavu. Anakuja na kasi, anajiinua mwishoni, anakunjua mabawa, anafika tawini akiwa karibu amesimama. Kile anachofanya ni stoli, ila anaifanya akiwa sentimita chache juu ya tawi. Hakosei kwa sababu anajua urefu wake.

Halafu ana vifaa. Ukingoni mwa bawa, kwenye kidole gumba, ndege ana kishada kidogo cha manyoya. Akipunguza kasi hukiinua, hewa inapita kwenye mwanya na kuendelea kulishika bawa. Ndege nyingi za kutengenezwa na watu zina mianya kama hiyo mbele ya bawa. Aliyeibuni mmoja wapo ni Gustav Lachmann, rubani Mjerumani aliyeanguka kwa stoli wakati wa vita ya kwanza ya dunia na kulitafakari jambo hilo akiwa kitandani.

7. Rubani wa glaida afanye nini?

Kwanza, aje na akiba ya kasi. Kanuni moja inayofundishwa sana ni hii: chukua kasi ya stoli, ongeza nusu yake, halafu ongeza nusu ya kasi ya upepo. Glaida ya stoli 65, upepo 20, unakuja na 107 hivi.

Pili, amalize kona mapema, akiwa juu ya kutosha. Glaida ina breki za hewa juu ya mabawa. Ukiwa juu sana unazifungua unashuka. Ukiwa chini sana huna pa kununua urefu.

Tatu, akiipita njia ya kutua asilazimishe kwa miguu. Bora kutua kwa mshazari, au kwenye shamba la jirani. Glaida hutua mashambani mara nyingi tu, mwenye shamba anakuja kuuliza, mnacheka, basi.

Nne, stoli ikianza: fimbo mbele, bawa lishike hewa, ndipo unyooshe mabawa. Ikishaanza kuzunguka kama pia: kanyaga usukani wa mkia upande wa kupinga mzunguko, peleka fimbo mbele mpaka mzunguko ukome, rudisha usukani katikati, halafu inua pua taratibu. Ukiwa mita 60 juu ya ardhi, kupeleka pua chini ni kitu ambacho mwili wote unakikataa. Ndo maana hufundishwa mara nyingi, mpaka mkono ufanye bila kuuliza woga.

8. Kwa nini nawaandikia ninyi

Kwa sababu nawajua. Wapo vijana wenzetu Tanzania na Kenya wanaochomelea ndege zao nyuma ya gereji, kwa vyuma chakavu na injini za pikipiki. Wapo wanaoangalia wenzao wa Kerio Valley kule Kenya wakiruka na miavuli kutoka ukingoni mwa bonde, wakasema na mimi naweza. Nawapenda kwa hilo. Lakini nikisikiliza maswali yao, wanauliza habari za injini tu: nguvu ngapi, mafuta kiasi gani. Hakuna anayeuliza bawa litaacha kubeba kwenye kasi gani.

Mdogo wangu, mwavuli nao unapata stoli. Ndege ya gereji nayo inapata. Kuinua kitu hewani ni nusu ya kazi. Kabla hujaacha ardhi, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, uulize taratibu, tafuta mwalimu mwenye leseni, na swali lako la kwanza kwake liwe hilo la stoli. Akikucheka, tafuta mwingine.

9. Maswali ya kijiweni

*Je, stoli ni kosa la rubani siku zote?* Hapana. Kifaa kibovu, upepo wa ghafla au uzito uliopangwa vibaya nyuma vinaweza kuanzisha. Lakini anayeweza kuimaliza mara nyingi ni yule mwenye fimbo mkononi.

*Abiria anaweza kuhisi?* Mara nyingine ndege hutetemeka kabla, ile hewa iliyovurugika inapiga mkia. Ila kutikisika kwingi unakokusikia safarini ni upepo tu, usianze kupiga kelele.

*Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa hii?* Ile ndege ya Precision Air ilikuwa na watu 43, wakafariki 19, na ilishuka ziwani kabla ya kufika uwanjani hali ya hewa ikiwa mbaya. Tusiipe kila ajali jina moja. Kushuka kwenye hewa mbaya ni somo lake, nalo linastahili makala yake.

*Kwa hiyo glaida ni hatari?* Bawa halina hasira na mtu. Lina mpaka wake, na mpaka huo unajulikana tangu siku za Lilienthal. Hatari ni kuufikia ukiwa huna urefu.

Haya wadau, uwanja wenu sasa. Mwenye swali au mwenye kunirekebisha aandike kwenye maoni hapo chini, hasa mafundi wa ndege na wanafunzi wa urubani mliopo humu. Matusi peleka kwingine.

Tuko pamoja.